Harufu ya asetoni

Jana binti yangu alikuwa anatoa rangi ya kucha mezani, na ile dawa ikanirudisha Montana, kwenye gereji ya Mzee. Baruti ya kisasa ukifungua kopo jipya inanuka hivyohivyo, asetoni na etha. "Baba, mbona unanusanusa?" Nikamwambia afungue dirisha.

Mzee alikuwa rafiki yangu wa huko Montana, Marekani, mwindaji. Mwaka ule alikuwa anajiandaa kwenda Selous kuwinda nyati na bunduki ya .375 H&H yake, risasi ya tangu 1912, na risasi zake alijaza baruti mwenyewe. Shida ikawa baruti ipi. Akaniuliza joto la kwetu. Nikamsimulia marehemu baba, askari wa wanyamapori, jinsi alivyotugombeza tukiacha risasi zake juani. Mzee akajipiga paja: baba yako alijua! Baruti ikipata joto, shinikizo hupanda, ganda la risasi likanasa kwenye chemba huku nyati anakuja. Kodaiti, baruti ya zamani ya Waingereza, iliwatesa hivyo watu wengi Afrika. Basi akachagua baruti iitwayo H4350, kwa kuwa haiyumbi sana kwenye joto wala baridi. Ile ya zamani aliyotumia kwa wanyama wa milimani ilikuwa IMR 4350. Namba ileile, baruti tofauti, na kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. (Nani alifikiria kuzipa namba moja, sijui.)

Siku hiyo makopo yote mawili yalikuwa mezani, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amenikataza. Simu ikalia ndani, akatoka. Nikabaki na kipimio chenye H4350 iliyosalia. Nikafungua kopo, nikamimina. Zile punje zilishuka kwa mlio laini kama mchele unaoingia kwenye debe. Nilipokuwa nafunga kifuniko ndipo nikasoma herufi: IMR.

Nikatazama ndani. Vijiti vyeusi, kama risasi ya penseli iliyokatwakatwa. Vya juu vilikuwa vifupi kidogo kuliko vya chini. Kidogo sana. Nikalitikisa kopo, Mungu anisamehe, nikalitikisa hadi tofauti ikapotea.

Mzee akarudi, tukamaliza, tukala supu, nikaaga.

Usiku sikulala. Nilikuwa naona shavu lake limelala kwenye kitako cha bunduki, na bunduki ikipasuka. Pia nilikuwa nahesabu bei ya kopo, nisiseme uongo. Saa kumi na mbili asubuhi nikagonga mlango wake, barafu nyembamba bado iko kwenye majani. Nikaeleza yote, isipokuwa kutikisa.

Hakusema neno. Akachukua kopo, karibu ratili nzima, akatoka na slipa hadi kwenye mawaridi ya mkewe, akaanza kuinyunyiza kwenye udongo kama mama anayetupia kuku mtama. "Ina naitrojeni," akasema. Kisha akanigeukia: "Ulilitikisa?"

Nikasema hapana.

Akanitazama kidogo, akarudi kunyunyiza. Nyati alimpata, picha alinitumia. Tangu siku ile mezani lilikuwa kopo moja tu, na kila nilipoingia gerejini alikuwa ameshalifungua yeye.

Binti ameshamaliza kucha. Dirisha bado liko wazi.