Pakacha la ukoka

Sungura wa kwanza kuingia kwetu Mtambwe, Pemba, waliletwa na ami yangu mwaka 1995, dume na jike, ndani ya tenga lililofunikwa kipande cha wavu wa kuvulia. Walivuka kutoka Unguja kwa meli hadi Mkoani, wakapakiwa gari mpaka Wete, na safari iliyobaki wakaimaliza nyuma ya baiskeli. Nilikuwa na miaka 10. Watoto wote wa chuoni walikuja kuwatazama kabla hatujawahi hata kuwatilia maji.

Ami alikuwa fundi wa nyumba za udongo, na kizimba kile alikijenga kama anayemjengea mtu nyumba ya kuishi. Nguzo nne za mkandaa, kwa sababu mchwa huushindwa. Sakafu ya fito zilizopangwa kwa kuachiana upenyo mdogo, kinyesi kipite kianguke chini lakini mguu wa sungura usinase. Waya wa kuku aliufunga safu mbili, safu moja ikiziba matundu ya nyingine. Alisema paka shume haingii ndani, hupitisha mkono tu akamvuta sungura mguu. Mlango ulikuwa na pingo mbili, juu na chini, kwa ajili ya ngawa. Jirani alimpa bati akalikataa. "Sungura hatoki jasho," aliniambia. "Joto lake analitolea masikioni. Kaskazi ikivuma, chini ya bati utamkuta amekufa kabla ya adhuhuri." Akaezeka makuti mazito, chini ya mwembe.

Na kila nguzo aliisimamisha ndani ya kopo la maziwa ya unga, lenye maji na mafuta machafu ya gari kidogo juu yake. Hayo yalikuwa ya siafu. Kazi yangu ilikuwa kuyajaza makopo kila Ijumaa na kuangalia kitu chochote kisikiguse kizimba. Jani la mgomba likiinama upande ule, nalikata. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wangu wote, na nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Masika ya mwaka uliofuata jike, ambaye tulimwita Pamba, alizaa. Siku moja kabla alijinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni akayatandika ndani ya sanduku alilowekewa, na asubuhi, siku ya 31 tangu apandwe, mlikuwa na vitoto saba vyekundu visivyo na unyoya wala macho. Nilikuwa nakwenda kuvihesabu kabla ya skuli na baada ya skuli.

Siku ya tano mvua ilinikuta konde, narudi na ukoka. Kwetu tuliamini ukoka uliolowa humharibu sungura tumbo, kwa hiyo sikumpa. Niliuacha ndani ya pakacha ujichuje maji, nikaenda kubadilisha nguo, na baada ya hapo nikaitwa kula.

Usiku nilisikia du! Kimya. Du! du! Sungura akihisi hatari hupiga mguu wa nyuma sakafuni, na zile fito zilikuwa zinalia kama ngoma. Nikamwamsha Bibi. "Bibi, Pamba anapiga mguu."

"Lala, mjukuu wangu. Paka huyo anapita njia yake. Kizimba cha ami yako hakiingiliki."

Nikalala. Kilichoniamsha mara ya pili sikuwahi kukisikia kabla, wala sikujua sungura ana sauti. Alilia kama mtoto mchanga anayeungua.

Ami alitangulia na kandili. Ardhi chini ya mwembe ilikuwa inatembea. Siafu walikuwa wamepanda kwenye waya, kwenye fito, ndani ya sanduku, na Pamba alikuwa anajipigiza ukutani, mapua na kope vimejaa. Kuku aliye huru hukimbia siafu, hata mbuzi akikata kamba hupona. Mnyama wa kizimbani hana pa kwenda. Bibi alitoka na jivu la jikoni akalimwaga kutuzunguka; Ami akawasha mwenge wa makuti kwa mkono mmoja na mkono wa pili akafungua pingo. Nilipewa Pamba nimshike. Nilikaa naye kizingitini nikimnyofoa siafu mmoja mmoja, vichwa vikibaki kwenye ngozi yake, na mimi mwenyewe nikiumwa mpaka mapajani bila kuthubutu kumwachia.

Vitoto vitano vilikuwa vimekufa. Viwili, vilivyokuwa chini kabisa ya manyoya, vilikuwa bado vinatikisika.

Ami alirudi na kandili kutafuta walipopitia. Alimulika kopo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa yamejaa. Kisha mwanga ukasimama kwenye pakacha langu, nilipoliegemeza mlangoni, chini limegusa ardhi na juu limegusa waya, na siafu wakipanda juu yake mstari mweusi mpana kama mkanda. Alilitazama. Nami nilimwona analitazama. Akalitia moto palepale na hakusema neno.

Bibi alivifuta vile vitoto viwili kwa manyoya ya mama yao, ili asizisikie harufu za mikono yetu, akavirudisha kwake ndani ya tenga la zamani, ukumbini. Sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, pengine mbili, na mara nyingi ni alfajiri. Kwa hiyo tukangoja. Pamba alikaa pembeni, kope zimevimba, kawapa mgongo. Baada ya sala ya alfajiri Bibi alikitoa kitoto kimoja akakiweka kiganjani mwangu. Tumbo lilikuwa limetuna, na chini ya ile ngozi nyembamba maziwa yalionekana, meupe.

Niliporudi skuli siku hiyo, nilikuta Ami amepigilia msumari kwenye mnazi ulio mbali na mwembe, wa kuning'inizia pakacha. Aliupigilia chini, pale mkono wangu unapofika.