Siku moja kwenye banda langu la fanicha za mtumba, Keko, Dar es Salaam

Saa 10 na nusu alfajiri nimeshaamka. Chai, sare za watoto, nauli yao namwachia mdogo wangu, na saa 11 niko kituoni Mbagala Rangi Tatu. Ukichelewa hapo umeumia, maana foleni ya Barabara ya Kilwa ikishafunga, wenzako wanachagua vizuri vyote na wewe unakuta makapi.

Naanzia soko la Mchikichini, ambalo sisi wote tunaliita Karume. Ndilo lile lililoungua Januari 2022, watu wakapoteza mitaji yao, kisha wakarudi kuanza upya. Wengi wanakuja hapa kwa nguo na viatu. Mimi nafuata mapazia. Pazia zito la mtumba, lile la dirisha refu lenye bitana ndani, ukilifumua na kulifua vizuri linakupa kitambaa cha kuvika sofa ambacho dukani usingekigusa kwa bei hiyo. Ila lazima ulijue. Namwomba muuzaji aniwashie taa ya simu, nalitanua, natafuta ule mstari lilipokuwa likipigwa na jua, kwa sababu jua huchujua rangi na kuozesha uzi. Nafinya hapo kwa vidole viwili vya kila mkono, navuta. Likilia kidogo tu kama karatasi, nalirudisha. Leo nimepata jozi ya mahameli ya kijani kibichi, haina doa wala tundu, nimeichukua kwa 18,000.

Saa 1 asubuhi niko Keko. Anayepajua Keko anajua kelele zake: mashine za kupasua mbao, vumbi la maranda, makochi yamepangwa barabarani mpaka njia inakuwa nyembamba. Majirani zangu wengi wanatengeneza vitu vipya, na wapo mafundi hodari sana humu. Mimi napokea vilivyokwisha kukaliwa, vilivyovunjika mguu, vilivyopakwa rangi juu ya rangi, navifanya viingie tena kwenye nyumba ya mtu mwenye kipato kidogo. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ndiyo inayonisomeshea watoto.

Saa 2 dalali akanitumia picha: kabati la vyombo, Upanga, ghorofa ya tatu, familia inahama. Kwenye picha lilikuwa jeupe lenye madoa ya njano, baya kabisa, kijana wangu wa kazi akaguna. Nikamwambia twende.

Pale Upanga nikaamkiana na mama mwenye nyumba, mtu mzima, nikamwomba ruhusa nilikague. Cha kwanza nilichotoa ni droo. Nje ya kabati watu hupaka wanachotaka, lakini chini ya droo hakuna anayehangaika kupaka. Nikaigeuza, nikakwangua kwa ukucha wa patasi, ikatokea mbao ya rangi ya asali yenye michirizi myekundu. Kona za droo hazikuwa na msumari hata mmoja, zimeunganishwa kwa meno yaliyoumana, na baada ya miaka yote hiyo hayajaachia. Nilipojaribu kuliinua upande mmoja likagoma. Mninga. Mbao hiyo inatoka kwenye misitu ya miombo, kule Tabora na Katavi, na mchwa hawaipendi. Mgongo wake tu ndio wa plaiwudi, na huo ulikuwa umebunguliwa, lakini kubadilisha mgongo ni kazi ndogo.

Dalali alitaka 100,000. Tukamalizana kwa 80,000, na mama wa watu akanisihi nisilipasue mbao. "Lilikuwa la mama mkwe wangu," akaniambia. Nikamwahidi. Kulishusha kwa ngazi, na kona zile nyembamba za maghorofa ya zamani, sitaki hata kusimulia. Vijana wanne, kamba, na mwenye guta aliyekuwa akituharakisha kwa sababu ana mzigo mwingine Kariakoo.

Tumerudi bandani kwenye saa 4, na umeme hakuna.

Hapo ndipo siku ilipoanza kuwa nzito. Ningekuwa na umeme, rangi ikishakwanguliwa mashine ya msasa ingenimalizia mlango mmoja kwa muda mfupi. Bila umeme ni kikwangulio, brashi ya waya na mkono wako. Rangi ya juu nyeupe, chini yake krimu, chini ya krimu bluu ya mafuta iliyoshika mbao kama ngozi. Na rangi hizi za zamani sizichezei. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma nyingi zilitiwa madini ya risasi, vumbi lake likimwingia mtoto linamdhuru akili na mwili, na mtu huwezi kuliona likifanya kazi. Kwa hiyo nakwangua mbao ikiwa na majimaji, navaa barakoa, natandika turubai chini, nafagia kwa kitambaa kibichi, na watoto wa jirani nawafukuza hata kama mama zao wananuna. Joto la Dar ndani ya barakoa unalijua mwenyewe kama umewahi. Jasho likaingia machoni, kidole gumba kikafa ganzi, na mlango mmoja ulikuwa haujaisha.

Saa 6 na kitu, jua la utosi, wakaja wa sofa.

Sofa lenyewe la watu watatu nililipata kwa watu waliokuwa wakihama Tabata. Fremu ya mtiki, ngumu, ila kitambaa kilikuwa kimeisha na sponji imegeuka unga. Yule dada aliliona likiwa bado mifupa, tukapatana 380,000 mpaka mlangoni kwake, akatoa kianzio 150,000. Rangi ya kitambaa kachagua mwenyewe. Leo kaja kuliona likiwa tayari, na kaja na shoga yake.

"Karibuni dada zangu, kaeni hapohapo kwenye sofa mlipime."

Wakakaa. Shoga akabonyeza mto, akapapasa mkono wa sofa, akamgeukia mwenzake nikiwa nimesimama mbele yao. "Si ndilo lile la kuokota?"

"La mtumba," yule dada akajibu, kisha akaniangalia. "Sasa fundi, mtumba kwa 380? Si bora niongeze kidogo nichukue jipya?"

Nikawaomba wasimame. Nikalilaza sofa kifudifudi, nikalifungua kitambaa cha chini, nikawaonyesha kitu kimoja kimoja. Fremu nimeinunua 90,000. Kirikuu kutoka Tabata 20,000. Sponji mpya ngumu ya inchi 4, mikanda mipya ya mpira, pini, gundi, uzi, kitambaa ambacho sofa la watu watatu hula mita 6 au 7, ujira wa kijana. Nikamwambia kinachobaki ni cha mikono yangu, na mikono yangu nayo inakula.

"Lakini kitambaa si pazia?" Shoga tena.

"Ni pazia. Nilimwambia siku ya kwanza, nikamwonyesha na mahali nilipofumua."

Yule dada akataka 280. Nikakataa. Akasema basi 300 na mito minne juu. Nikakataa. Akampigia mume wake, akaweka spika, banda zima likasikia: "Fundi, mimi nakuheshimu, fanya 300 tuyamalize." Nikamjibu shemeji nami nakuheshimu, ndiyo maana bei niliyokupa siku ya kwanza ndiyo hii hii leo. Wakaomba maji ya kunywa, nikawapa. Wakarudi kukaa. Shoga akatoa simu, akaanza kumwonyesha picha za masofa ya kwenye mtandao, hili bei gani, lile bei gani. Alikuja mteja wa stuli, akasimama mlangoni, akatusikia, akaondoka. Saa nzima na zaidi imepita na kabati la Upanga limelala pale na mlango nusu.

Ninalotaka watu walielewe ni hili. Sofa jipya la bei hiyo nalijua kwa ndani, kwa sababu baada ya mwaka mmoja au miwili linaletwa kwangu. Si yote, nasema tena si yote, lakini mengi ya bei rahisi ukiyafungua unakuta paini mbichi isiyokauka imepigwa misumari michache, boksi za karatasi ngumu zimebanwa kwa pini pale mkono unapoegemea, na vipande vya sponji vimeshindiliwa. Kabati jipya la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, siku maji ya deki yakiingia chini, mguu unavimba kama andazi na haurudi. Mtiki wa sofa lile utamzika mjukuu. Kuliokota hakuna aliyeliokota: mtu amelitafuta, amelikagua, amelivua mpaka mifupa na kulivika tena.

Nikamwambia kwa upole, "Dada, kama hulitaki hakuna ugomvi. Nikiliuza nakurudishia kianzio chako chote. Watu wameliulizia." Akanyanyuka, akafuta sketi, akasema watanipigia.

Nilikaa kidogo bila kufanya kitu. Bei haikuniumiza sana, biashara ni mapatano. Lile neno "kuokota" ndilo lililonikaa.

Chakula kwa mama ntilie, ugali na dagaa, sijui ilikuwa saa 8 au 9. Baada ya hapo nikashika kazi ambayo wengi hawapendi hata kuisikia, kunguni. Kuna makochi mawili yaliletwa juzi. Kochi la mtumba haliingii bandani kwangu likiwa na nguo zake. Linavuliwa nje. Unageuza chini, unafuata mishono kwa tochi, unatafuta vidoadoa vyeusi kama vya kalamu na magamba mepesi. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo usidanganywe na mtu akikwambia kochi lilikuwa stoo halikukaliwa. Hayo mawili moja lilikuwa nao. Kitambaa na sponji tukachoma moto, fremu tukaimwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo, ufa kwa ufa, kisha ikaanikwa juani na kesho itarudiwa. Ukinunua kochi la mtumba peke yako, mahali popote, fanya hivyo kabla halijavuka kizingiti chako. Godoro la mtumba mimi sigusi kabisa.

Umeme umerudi jioni jioni. Mlango wa kabati ulikuwa umeshaisha kukwanguliwa na kukauka, nikaupiga msasa namba 80, nikapanda 120, nikamalizia 240, na ule mninga ukaanza kujitokeza. Kijana aliyeguna asubuhi akaja kupapasa mwenyewe bila kuitwa. Tulitamani kupuliza sila, ile dawa ya kuziba mbao, leo leo, lakini hewa ya jioni ilikuwa na unyevu, wingu limetanda upande wa bahari. Ukipuliza kwenye hewa ya namna hiyo, inashika weupe kama ukungu na unaanza upya. Litangoja. Na rangi sitalipaka. Anayetaka kabati jeupe nitamtafutia la mbao nyingine.

Nikiwa nafunga, simu ikalia ujumbe. Yule dada wa sofa: "Fundi weka na mito miwili nitume hela yote kesho." Nikamjibu mito ni 15,000 kila mmoja, sofa ni bei yake ileile. Hajajibu mpaka naandika hapa.

Miguu ilikuwa imeshanichoka kabisa alipoingia kijana mmoja, bado ana kitambulisho cha kazini shingoni. "Shikamoo mama." Amepata chumba kimoja Yombo, ameshalipa kodi, na mfukoni amebaki na kidogo. Anataka meza moja ya kulia, kuandikia na kuwekea jiko la gesi la mezani. Futi ya kupimia hana, lakini alikuja na kamba ya katani yenye kifundo: kutoka ukutani mpaka ukingo wa kitanda. Nilimpenda kwa hiyo kamba. Watu wanakuja na picha za nyumba za watu, yeye kaja na kipimo cha chumba chake.

Nilikuwa na meza ya ofisi ya zamani, ya mkongo, ina droo mbili upande mmoja, mguu mmoja umelegea. Tukaweka kamba juu yake. Uso wa meza umezidi kifundo kwa vidole vinne. Nikamwonyesha pa kukata, upande usio na droo, na nikamwambia kipande kitakachobaki tutakipigilia ukutani kiwe rafu ya vikombe, na chini ya jiko aweke kigae ili mbao isiungue. Bei 110,000. Akasema ana 40,000 leo, nyingine mwisho wa mwezi. Nikakubali, nikamwandikia kwenye daftari, akaweka sahihi.

Kamba yake nimeifunga kwenye mguu wa meza. Kesho asubuhi umeme ukiwepo tunaanza na hiyo, kabati la Upanga baadaye.