Seva yetu imezimwa

Watu wangu wa Kisumu, ile seva ya Matrix (mtandao wa kuchat ambao kila kikundi kinaweza kuendesha seva yake, na seva zinaongea) tulikuwa tunapigia stori nimeizima usiku huu. Inalipiwa kwa dola na michango imekauka. Kabla ya kuzima nilipitia rumu, yaani vikundi vya kuchat, moja moja, na ile ya mafundi wa simu wa Kondele ndio ilinishika kabisa, kuna jamaa alikuwa anaelekeza mwenzake usiku wa manane kubadilisha mdomo wa chaji, picha baada ya picha, mpaka simu ikawaka, jamani.

Wengi mnauliza kama meseji zimepotea. Rumu ikiwa na watu wa seva zingine, kila seva inajiwekea nakala yake, kwa hivyo zile tulishea na wenzetu wa Eldoret bado ziko huko kwao, zile zetu za ndani tu ndio zimezimika. Akaunti nayo haihami, jina lako limeshikana na jina la seva, itabidi ufungue ingine kwingine. Domeini, yaani hilo jina la seva mtandaoni, nitazidi kulipia, sitaki mtu ainunue halafu ajifanye sisi.

Databezi, pale meseji zetu zilihifadhiwa, naifuta Jumapili juu iko na siri za watu, kama kuna picha zako unataka niandikie inboksi mapema.