Siku moja Mtwara: diski iliyoamka na jina jingine

Saa 1:10 asubuhi. Niko kibarazani Chikongola, chai ya rangi mkononi, simu inaita. Ni Mama Mhasibu wa chama cha wakulima ninachokihudumia kama fundi wa kompyuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeme ulikatika usiku. Sasa umerudi, lakini ile seva imeishia kwenye maandishi tu. Na wakulima wanaanza kuingia saa nne."

Chai naiacha palepale. Ni Oktoba, korosho ziko ghalani, na mtu aliyepeleka magunia yake wiki mbili zilizopita anahesabu siku za malipo. Ada za watoto zimo humo.

Saa 2:00. Kwenye skrini naona seva imeisubiri diski kwa dakika 1 na sekunde 30, haikuipata, ikaingia hali ya dharura. Kijana wa masjala ananieleza kwamba alimpigia fundi anayemfahamu, naye akamwambia diski imekufa, aifomati upya. Mwili ulinisisimka. Nilimshukuru sana kijana yule kwa kutogusa kitu.

Diski ile imesimbwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga data kwa nywila. Ina majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde. Mwizi akiondoka na kompyuta, bila nywila hapati hata jina moja. Lakini ulinzi huo una upande wake mkali: mwanzoni mwa diski kuna kichwa cha LUKS kinachotunza ufunguo. Ukiifomati, kichwa kinafutika, na hapo nywila sahihi haikusaidii tena.

Saa 2:20. Naandika `lsblk -f`, amri inayoorodhesha diski zote na kilichomo ndani yake. Mstari wa `sda` ni mfumo wenyewe, hauna tatizo. `sdb` ni tupu kabisa, haina hata kizigeu kimoja, yaani sehemu iliyogawiwa ya kuwekea data. Chini yake `sdc1`, kizigeu cha kwanza cha `sdc`, na mbele yake neno nililokuwa nalitafuta: `crypto_LUKS`.

Nikakumbuka Ijumaa. Nilichomeka diski mpya ya kuwekea nakala, seva ikiwa inafanya kazi, kwenye nafasi iliyokuwa wazi kati ya zile mbili. Siku ile ikapewa jina la `sdc` kwa sababu ndiyo iliyofika mwisho, na kazi zikaendelea bila shida. Usiku wa jana seva ilipozimika na kuwaka, kerneli, yaani kiini cha Linux, ikazihesabu diski upya. Mpya ikatangulia, ikaitwa `sdb`. Ya zamani ikasukumwa hadi `sdc`. Na faili la `/etc/crypttab`, linaloiambia seva ifungue diski ipi iliyosimbwa inapowaka, lilikuwa bado linasema fungua `/dev/sdb1`, kitu ambacho leo hakipo.

Majina haya ni kama nafasi kwenye foleni ya kivuko cha Msangamkuu. Aliyekuwa wa pili jana si lazima awe wa pili leo. Hapa ofisini tuna kina Saidi Hamisi kadhaa, na karani halipi kwa kusikia jina, anatazama namba ya mkulima kwenye daftari. Diski iliyosimbwa nayo ina namba yake ya utambulisho, UUID, iliyoandikwa ndani yake yenyewe, na haibadiliki hata ukiihamishia nafasi nyingine.

Saa 2:50. Kabla ya kurekebisha chochote nataka kuona data kwa macho. `cryptsetup open /dev/sdc1 hesabu`, yaani ifungue na uiite `hesabu`. Mama Mhasibu anaandika nywila mwenyewe, mimi nimegeukia dirishani. Sekunde chache, kimya. Kisha `/dev/mapper/hesabu` ikatokea, nikaipachika kwa `mount`, na folda zote za msimu zikiwa mahali pake.

"Alhamdulillahi," akasema, akavuta kiti na kukaa.

Saa 3:15. Hapa nilikosea, na kosa lenyewe linawapata wengi. Amri ya `blkid` ilinionyesha UUID mbili: ya `sdc1`, yaani kontena la LUKS, na ya `/dev/mapper/hesabu`, yaani mfumo wa faili uliomo ndani. Kwa haraka nikanakili ya pili na kuiweka kwenye `crypttab`. Nikawasha upya, ikasubiri tena dakika 1 na sekunde 30. Bila shaka ingesubiri: namba ile haionekani mpaka kontena lifunguliwe. Ni sawa na kutafuta ufunguo wa sanduku uliofungiwa ndani ya sanduku hilohilo.

Mstari sahihi una jina `hesabu`, kisha `UUID=` na namba ya kontena, inayotolewa na `cryptsetup luksUUID /dev/sdc1`. Kwenye `/etc/fstab`, faili la orodha ya mifumo ya faili inayopachikwa seva ikiwaka, nikaacha `/dev/mapper/hesabu`, kwa kuwa jina hilo tumelichagua wenyewe na halifuati foleni ya diski.

Saa 3:55. Seva imewaka, imeomba nywila, imefunguka. Nje kwenye benchi kuna wazee sita tayari.

Saa 7 mchana. Swala, kisha ming'oko ya kuchemsha na chumvi yenye pilipili kutoka kwa mama anayeuza karibu na geti.

Saa 9 alasiri. Wakulima wamepungua, nimeruhusiwa kuzima. Kwanza `cryptsetup luksHeaderBackup`, amri ya kunakili kichwa: kichwa chote cha LUKS2 ni takribani MB 16, kinaenea kwenye flashi yoyote. Flashi imeingia kwenye sefu ya ofisi, maana mwenye kichwa hicho pamoja na nywila anaweza kuifungua diski. Halafu nimebandika karatasi kwenye diski ile ya zamani, yenye herufi nne za mwisho za UUID yake.

Saa 10:30. Nimezibadilishia nafasi diski mbili zile kwa makusudi. Nikawasha. Safari hii ya zamani imerudi kuwa `sdb`, mpya imekuwa `sdc`, na `hesabu` imefunguka vilevile. Mama Mhasibu ameomba nirudie mara moja zaidi, yeye akiangalia. Nimerudia.