Simu ikipotea, madeni hayapotei

Ninaandika maneno ya tovuti na programu za kampuni za teknolojia: ukurasa wa mbele, maelezo ya bei, maandishi ya vitufe, ujumbe unaotokea mambo yakikwama. Sijaajiriwa na kampuni yoyote. Naishi Sinza, na wateja wangu wengi wapo hapa hapa Dar, wachache Arusha na Nairobi.

Wengi hunitafuta wakiwa na rasimu tayari na wanataka niipambe. Kampuni moja yenye programu ya wenye maduka, ya kuandikia mauzo na madeni, ilinitumia sentensi hii ikae juu kabisa: "Suluhisho bunifu la kidijitali kwa usimamizi jumuishi wa biashara yako." Sentensi hiyo ingeweza kukaa kwenye tovuti ya benki, ya shule au ya kampuni ya mizigo na hakuna ambaye angeshtuka. Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, alionyesha tangu 1997 kwamba asilimia 79 ya watu aliowajaribu walipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya. Waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16. Mwenye duka wa Mbagala aliyejiunga bando la siku ndio kabisa, hana muda wa kutafuta maana.

Kabla ya kuandika chochote, niliomba nikae kwenye kitengo cha huduma kwa wateja nisikilize simu zinazoingia. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Hadi adhuhuri daftari langu lilikuwa limejaa, na hakuna hata mmoja aliyeulizia usimamizi jumuishi. Mama mmoja alimwambia kijana wa mapokezi ya simu: "Mwanangu, nikiibiwa simu hii Kariakoo, hawa ninaowadai si ndio watakuwa wamesamehewa?"

Jioni hiyo niliandika: "Simu ikipotea, madeni ya dukani hayapotei." Mkurugenzi aliipenda papo hapo. Lakini sentensi nzuri lazima iwe kweli, kwa hiyo nilimfuata mhandisi wao. Akanieleza kuwa kumbukumbu zinakwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayozitunza nje ya simu, pale tu simu inapokuwa na intaneti. Mwenye duka akikaa siku tatu bila bando kisha akaibiwa, madeni ya siku hizo tatu yamekwenda na mwizi.

Mkurugenzi alitaka tuiache sentensi kama ilivyo, kwa sababu hilo hutokea mara chache. Nilikataa. Huyo anayekopesha unga na sukari kwa kuaminiana na majirani ndiye atakayesoma ukurasa ule na kuacha daftari lake la karatasi kwa sababu yangu. Tulibishana sana, kwa heshima, na mwishowe chini ya kichwa cha habari pakaingia mstari mwingine: "Washa data angalau mara moja kwa siku ili madeni ya leo yahifadhiwe." Wiki chache baadaye wahandisi wenyewe waliongeza alama ndogo juu ya skrini: "Imehifadhiwa leo saa 4:10 asubuhi." Mama wa Kariakoo sasa anaweza kujionea mwenyewe. Nilifurahi kuliko siku niliyolipwa.

Kwenye malipo ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Vodacom walileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo watu wetu wamezoea kusoma habari za pesa ndani ya SMS, herufi 160: imethibitishwa, kiasi gani, kwa nani, salio. Halafu unakuta programu mpya inamwambia mtu aliyetuma laki mbili kwa msambazaji wake: "Hitilafu imetokea. Jaribu tena." Ajaribu tena vipi, kama ya kwanza imeshakwenda? Anachotaka kujua kwanza ni kama pesa imekatwa. Kwa hiyo huwauliza wahandisi hali zote zinazowezekana, na kila hali naiandikia ujumbe wake. Ngumu ni ile ambayo mfumo wenyewe bado haujapata jibu. Hapo huandika: "Bado tunasubiri jibu la mtandao wa simu. Usilipe tena kwa sasa. Tutakutumia SMS." Ni maneno machache, lakini yanamwokoa mtu asilipe mara mbili.

Kuhusu malipo yangu mwenyewe: nusu hutangulia, nusu kazi ikikamilika, na kampuni inayonilipa hukata kodi ya zuio asilimia 5 na kunipa cheti chake. Mnaoanza, kidaini hicho cheti. Pia tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, nimekuwa nikiombwa sana maelezo ya faragha kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwanasheria lazima ayapitie. Mimi naangalia kama fundi simu anaweza kuyasoma na kujua namba yake inapelekwa wapi.

Sasa hivi nina kazi ya kampuni inayouza sola kwa mkopo. Wanataka ukurasa wa mbele haraka. Nimewatumia swali moja: mteja akichelewa kulipa siku moja, taa inazimika saa ngapi, na akilipa usiku inawaka baada ya muda gani? Idara ya mauzo ina jibu lake, mafundi wana lao. Nimewaomba wakae pamoja kwanza, nami nitaanza kuandika wakishakubaliana.