Fundi akisema pedi za breki zimeisha, ni kweli?

Ukishuka mteremko mkali wa Kitonga mguu ukiwa kwenye breki muda wote, pedi zitanuka na kupungua nguvu. Hapo zimepata moto tu, si lazima ziwe zimeisha. Mwombe fundi afungue tairi akuonyeshe pedi zote mbili, ya ndani na ya nje; fundi mwaminifu hakasiriki. Pima unene bila bati la nyuma: mpya huwa milimita 10 hivi, ikifika 3 badilisha, kushoto na kulia kwa pamoja. Ya ndani ikiisha mapema sana kuliko ya nje, mara nyingi pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi) zimekwama. Zisiposafishwa na kupakwa grisi ya breki, pedi mpya zitakwisha vilevile. Lakini pedali ikizidi kuzama hata breki zikishapoa, usibishane naye: gari lisiondoke kabla mfumo wa mafuta ya breki haujakaguliwa.