Viatu Vyeusi vya Krismasi

Desemba ikiingia, kundi letu la WhatsApp la ofisini huwa la michango tu. Harusi ya huyu, msiba wa yule, halafu zawadi za watoto wa kituo kimoja cha yatima huko Mbagala. Safari hii nilitiwa kwenye kamati ya zawadi, mimi, mhasibu wetu na kijana wa masoko.

Mazoea yanajulikana: mchele, mafuta ya kula, sabuni, biskuti, na bango refu lenye nembo. Hata Ikulu sikukuu zikifika hupeleka mbuzi, mchele na mafuta kwenye vituo vya yatima na wazee, na chakula hakikataliwi. Ila mhasibu, mama mwenye watoto wa shule, alisema tumpigie kwanza mlezi wa kituo tumsikie.

Mama mlezi hakuzungusha maneno. Mchele wa Desemba huwa anao, kila mgeni anakuja nao. Kinachomnyima usingizi ni Januari, shule zikifunguliwa. Ada katika shule za serikali ilifutwa kuanzia 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, soksi, viatu na begi bado ni juu ya mzazi, na mzazi hapo ni yeye.

"Nileteeni viatu vyeusi, wanangu. Na chupi. Na taulo za kike kwa wale wakubwa."

Kijana wa masoko akaninong'oneza: chupi tutazipigaje picha?

Namba za viatu mama hakuwa nazo. Alichotupa ni njiti za chelewa alizozikata kwa urefu wa mguu wa kila mtoto, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina. Tukaingia nazo Kariakoo, sikukuu imepamba moto, pa kukanyaga hakuna. Muuzaji hakushangaa hata kidogo. Alikuwa akichomeka njiti ndani ya kiatu, anabonyeza mbele kwa dole gumba, anaacha nafasi ya mguu kukua. Mhasibu akaanza kupunguza bei.

"Kaka, hivi ni vya yatima."

"Dada yangu, leo kila mteja ananunulia yatima."

Tulicheka wote, na bei ikashuka kidogo.

Suala la picha lilituchukua muda kuliko manunuzi. Msimamo wangu ni kwamba binti wa miaka kumi na mitatu hapangwi mstari mbele ya bango akapokea taulo za kike huku watu wazima wanamwambia atabasamu. Tukafunga vifurushi, tukaandika majina, mama mlezi akagawa mwenyewe ndani. Sisi tukabaki uani tunapakua pilau. Bosi alipata picha ya maboksi, na sidhani kama aliifurahia.

Kuna mdogo mmoja aligoma kuvua viatu vyake. Alifokewa kwamba ni vya shule, akaja kula navyo hivyo hivyo, anatembea kwa visigino ili mbele visijikunje.

Sasa mimi na mhasibu tunataka mwakani twende wiki ya kwanza ya Januari, Krismasi ikishapita na wageni wameisha. Masoko wanasema Januari hakuna anayetazama habari za misaada, na mishahara yenyewe ishakatika. La mishahara ni kweli, kwa hiyo nimependekeza makato yaanze Septemba. Kundi limekuwa kimya tangu jana.